Babu Ndani ya Mafuta ya Alizeti

Niseme ukweli mapema, kabla hamjausikia kwa mama mkubwa ambaye ataongeza chumvi: nilimlaza babu kwenye mafuta ya alizeti. Si babu mwenyewe. Mwenyewe, Mungu amrehemu, amelala Kongwa na hajui lolote. Nilichokilaza ni filamu yake, ile negativu ambayo weupe ni weusi na weusi ni weupe, ya pekee iliyobaki chini ya jua. Niliimwagia mafuta ya Kibaigwa, yaleyale mama anayoungia mchicha, tena juu ya kioo cha skana ya mtu, mwenyewe akiwa amekwenda kusali Ijumaa.

Mafuta yale hayakuchujwa vizuri. Chini ya chupa kulikuwa na machicha. Hilo nililigundua baadaye, kama ninavyogundua kila kitu.

Lakini kisa hakianzii kwenye mafuta, kinaanzia kwenye mguu wa mama. Mama ana kovu kwenye muundi wa mguu wa kushoto, pana kama kiganja cha mtoto. Anashona sare za shule sebuleni kwetu, na akikanyaga cherehani kovu lile hupanda na kushuka mbele ya wateja, kwa hiyo mtaa mzima unalijua. Hata kuku wetu wanalijua. Aliungua na uji wa mtama akiwa na miaka mitano. Kidonda hakijapona vizuri, bado kimefungwa kitambaa, babu akampeleka Haneti akalelewe na shangazi yake. Ulikuwa mwaka wa njaa na watoto walikuwa wengi. Wenzake wote walibaki Kongwa. Alipelekwa yeye peke yake, na aliporudi tayari ni msichana mkubwa, baba yake alimkaribisha kwa maneno haya: "Mgeni wetu amefika."

Mama huyasimulia hayo huku anacheka. Mimi ni mtaalamu wa vicheko, na kile si kicheko.

Sasa, ipo picha. Babu ameketi kwenye kiti, kavaa koti na kofia, mkono wake mmoja umelala juu ya kichwa cha mtoto wa kike aliyesimama kando yake. Ilipigwa Kongwa na jamaa mmoja aliyekuwa na kamera ya sanduku yenye miguu mitatu, masalia ya wazungu wa karanga, wale wa mradi mkubwa wa wakati wa mkoloni. Mama anasema mtoto yule ni yeye, siku chache kabla ya safari ya Haneti. Dada yake, yaani mama mkubwa, anasema ni yeye. Uso wa mtoto hausaidii kitu: alitikisika, ukawa kama uji. Kinachoweza kukata kesi ni mguu. Kama mguuni pana kitambaa cha kidonda, mtoto ni mama.

Ila babu alipokufa, picha ilichukuliwa na mama mkubwa, na mama akapewa negativu, kama mtu aliyechelewa karamuni akapewa mfupa. Picha ya mama mkubwa miguuni ilikuwa giza tangu mwanzo, halafu mchwa wa Kongwa wakaja kumaliza mjadala: waliila kuanzia miguuni kwenda juu, wakaishia kiunoni mwa babu.

Likizo ya mwisho wa mwaka, nikitoka kidato cha pili, mama mkubwa akatuletea salamu kupitia dereva wa lori la mahindi. Jumapili ijayo msalaba wa babu utabarikiwa. Yeye atakuja kwetu Dodoma mjini Jumamosi na kipande chake cha picha, kitiwe fremu, na mchora mabango aandike chini yake: "Baba na binti yake mkubwa."

Mama alishona kola tatu, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema, si kwangu wala kwa mtu yeyote, "Ningejua tu kama ule mkono ulikuwa juu yangu. Hata kama ni siku moja."

Ndiyo maana nikaichukua negativu kutoka ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani na kutoka nayo. Kwa idhini ya mama, msinitazame hivyo. Alisema, "Ukiipoteza usirudi." Hiyo kwa mama ni idhini.

Studio za mjini siku hizi ni za rangi tupu, mashine zao zinameza mikanda midogo. Filamu yangu ilikuwa pana kama postikadi. Studio ya kwanza waliitazama kwenye mwanga wakaniuliza mgonjwa anaumwa nini. Studio ya pili kijana wa kaunta aliwaita wenzake waje waone, wakacheka, nami nikacheka nao kwa heshima ya taaluma, kisha nikaondoka nikiwa nimekasirika mpaka masikio.

Ikabaki steshenari ya mzee mmoja wa Kondoa, karibu na kwetu. Mzee huyu alikuwa na cheo kwenye shirika la umma. Shirika likauzwa, yeye akapunguzwa, akafungua duka la kuchapa barua na kutoa nakala. Skana yake alikuwa ameinunua mnadani, mradi fulani wa wazungu wa kupima ardhi ulipofungwa. Ilikuwa kubwa kama meza ya kupigia pasi, na kwenye kifuniko chake kulikuwa na taa, kwa sababu wale wazungu walikuwa wakiingizia kwenye kompyuta filamu za picha za kutoka angani. Mzee alikuwa ameifunika kitambaa cha kufuma kama kochi la bi harusi. Wakati wa Bunge ilimsaidia, watu wa semina walileta michoro. Bunge likiisha ilikuwa inakaa tu na kitambaa chake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuniambia leo maji yanakatwa?"

Hapo ni lazima nieleze. Siku moja nilipita mtaani nikitangaza kwamba maji yatakatwa siku nne. Watu walijaza ndoo, sufuria, mabeseni, mmoja akajaza viatu vya mvua. Maji hayakukatwa. Siku nyingine nilimwambia mama kwamba askofu anakuja kula kwetu, akachinja jogoo. Basi toka hapo nikisema kumekucha, watu wanachungulia dirishani kwanza. Likumbukeni hilo, maana mimi sikulikumbuka.

Nilimweleza mzee habari ya mguu. Akanisikiliza, akaivua skana kitambaa chake.

Mara ya kwanza tuliiweka filamu kavu. Ilikuwa imejikunja pembe kama jani la mhindi wakati wa kiangazi. Katikati inagusa kioo, pembeni imeinuka. Kilichotoka kwenye kompyuta ni babu mwenye ukungu, mikwaruzo kama kapigana na paka, na juu yake miduara ya rangi kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye dimbwi. Miguuni hamna kitu. Tuliibana kwa kitabu, ikawa vilevile. Tukaigeuza, vilevile. Kompyuta yenyewe ilikuwa inachukua muda mrefu kwa kila jaribio, inanguruma kama inasaga mahindi, halafu inakupa upuuzi uleule. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nilitamani kuipiga kofi.

"Wale wazungu," mzee akasema huku amejishika kiuno, "walikuwa wanailowesha."

"Wanaloweshaje, mzee?"

"Wanaweka majimaji kwenye kioo, wanalaza filamu, juu yake plastiki. Inalala tuli kama nywele zilizotiwa mafuta. Na mikwaruzo inajaa, haionekani."

"Majimaji gani?"

"Sijui. Yalikuwa kwenye kichupa. Si maji. Ni kama mafuta, lakini si mafuta."

Mimi nilisikia "mafuta". Hayo mengine sikuyasikia. Kesho yake Ijumaa, mzee alipokwenda msikitini akaniachia duka, nikatoa mfukoni kichupa cha dawa ya kikohozi chenye alizeti ya mama.

Jamani. Mafuta yalitambaa. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba mafuta yana miguu. Yalitoka chini ya filamu, yakafika ukingo wa kioo, yakaingia ndani ya mashine. Machicha yakajipanga kwenye kifua cha babu kama medali. Mapovu yakakaa usoni. Nikabonyeza hivyo hivyo, na babu akatokea wa manjano, ndani ya supu, ana chunusi. Na joto la ile taa likaanza kupika.

Mzee aliingia akiwa bado na kanzu, akasimama mlangoni, akanusa.

"Hapa panakaangwa nini?"

"Hapakaangwi kitu, mzee."

"Nanusa chipsi."

Akafunua kifuniko. Sitaandika aliyoyasema, alikuwa ametoka kusali na hayo ni kati yake na Mola wake. Mwisho akaniambia nitasafisha kioo kile likizo nzima, na ndugu zangu watasafisha, na wajukuu wangu. Nikasema ndiyo mzee. Tukafungua skrubu, tukafuta kwa spiriti na pamba mpaka alasiri. Na katikati ya kufuta, nadhani ni ubishi tu wa mtu aliyepunguzwa kazini, akasema peke yake: "Lakini mikwaruzo kweli ilipungua."

Hapo nikajua tutajaribu tena.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa jirani mwenye mtoto mchanga nikaomba mafuta ya mtoto, yale meupe kama maji, hayana harufu ya jikoni. Mzee akatoa karatasi moja ya plastiki, zile angavu anazouzia watu wa semina. Kifimbo cha kusukumia chapati nilikichukua nyumbani. Mara hii mzee mwenyewe ndiye aliyeshika usukani. Akazungushia kioo utepe wa gundi ili mafuta yasitembee. Akadondosha matone machache katikati. Akaitazama filamu pande zote mbili.

"Upande huu unang'aa, huu haung'ai. Picha iko kwenye usiong'aa. Huo ndio uguse kioo, uwe karibu na jicho la mashine."

Akailaza ubavu kwanza, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Matone mengine juu. Plastiki. Kisha mimi nikapitisha kifimbo kutoka katikati kwenda nje, povu moja baada ya jingine linatoroka pembeni. Filamu ikanata kwenye kioo. Hakuna kilichoinuka, hakuna mduara wa rangi.

Mashine ikaanza kusaga. Picha ilikuwa inashuka kwenye kompyuta mstari kwa mstari, kuanzia juu, na kompyuta ikibadili weusi kuwa weupe. Kofia ikaja. Jamani, nyuzi za kofia! Ndevu, unaweza kuzihesabu. Koti likaja, mfuko wa kifuani uko upande wake wa kulia, nikamwambia mzee fundi wa babu alikuwa amelewa, mzee akasema nyamaza. Mkono ukaja, na chini yake nywele za mtoto, na vidole vya babu vimezama ndani ya nywele zile. Hakuuweka mkono juu juu. Alikuwa ameshika.

Nguo ya mtoto. Magoti.

Halafu kitambaa. Cheupe, kimezungushiwa muundi wa mguu, kimefungwa fundo kwa mbele, na uzi mmoja umening'inia. Nauona hata sasa. Nilipiga kelele mpaka mteja wa nakala akaangusha cheti chake cha ubatizo.

"Hifadhi!" nikasema. "Mzee, hifadhi!"

"Subiri imalize nyayo, ndipo itakubali."

Umeme ukakatika.

Kompyuta ikafanya "tii," ikawa nyeusi. Feni ikazunguka mara mbili tatu kwa mazoea, ikasimama. Mzee akasema Inna lillahi. Mimi nilibaki nimeelekeza kidole kwenye kioo cheusi chenye sura yangu mwenyewe, sura ya mjinga. Tulikaa saa mbili. Tukauliza jirani, tukauliza kinyozi, wote wakasema nguzo imeanguka, mafundi wamekwenda kuitazama. Kuitazama! Nguzo iliyoanguka inatazamwa nini? Na mama mkubwa alikuwa tayari njiani.

Mtu mwenye akili angeiacha filamu palepale mpaka umeme urudi. Mimi niliibandua nikaipeleka nyumbani, na kwa kuwa ilikuwa imelowa mafuta na mama angeuliza, nikaiosha. Kwenye beseni ambalo mama alikuwa ameloweka sare, maji yametoka kwenye dramu linalokaa juani mchana kutwa, yana joto la chai, yana sabuni ya unga. Nikasugua kwa kidole gumba, taratibu, kwa upendo.

Kitu kikateleza chini ya kidole. Nilidhani ni mafuta. Ilikuwa ni picha. Sehemu yote ya chini ilijikusanya kama utando wa maziwa, ikabanduka kutoka kwenye plastiki yake, ikaelea kidogo kwenye povu, ikayeyuka. Kofia ilibaki, koti lilibaki, mkono ulibaki. Kuanzia magoti ya mtoto kwenda chini ilikuwa plastiki safi, unaona ng'ambo, unaona kuku anapita.

Yaani mchwa wa Kongwa walichukua miaka. Mimi nilichukua dakika moja.

Mama mkubwa alifika alasiri na kikapu cha karanga na kile kipande cha picha kwenye bahasha. Alisalimia "Mbukwa" kwa Kigogo, kwa sauti ya kuamsha mtaa, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka picha juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mama alikuwa kwenye cherehani. Nilisimama katikati yao nimeshika plastiki yangu yenye babu nusu.

Nilisema yote. Alizeti, mafuta ya mtoto, kifimbo cha chapati, umeme, beseni. Na kitambaa. Nilisema nimekiona kwa macho yangu, na fundo lake, na uzi wake, na vidole vya babu ndani ya nywele.

Mama mkubwa alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga.

"Umekiona! Na askofu je, hukumwona nyuma ya kiti? Mwanangu, kama umeharibu kitu cha mama yako sema umeharibu. Usimtengenezee baba."

"Mama mkubwa, naapa."

"Wewe uliapa maji yanakatwa. Mama yako huyu alijaza mpaka sufuria ya pilau. Huyo mtoto ni mimi. Huyu mama yako baba hakuwa anamshika."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Nikamwangalia mama. Cherehani ilikuwa imesimama, mguu wake uko juu ya pedali haukanyagi. Nilitaka aniamini kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na kila nilipofungua mdomo nilisikia jinsi ninavyofanana na mtu anayedanganya. Mzee wa steshenari alikuwa ameona naye, lakini alikuwa amefunga duka na kwenda Kondoa kwenye harusi. Kwa kweli. Hata hilo nilipolisema lilisikika kama uongo.

"Mguu upi?" mama akauliza.

"Eh?"

"Kitambaa kilikuwa mguu upi?"

Nikafumba macho nikaitazama ile picha kichwani, ikishuka mstari kwa mstari. Na kwa mara ya kwanza maishani nilijibu bila kufikiria nini kitapendeza.

"Wa kulia."

Mama mkubwa akapiga makofi. "Wa kulia! Kovu la mama yako liko kushoto tangu Uhuru, linapanda na kushuka hapa kila siku mbele ya macho yako! Jamani, hata kudanganya hujui!"

Wa kulia. Nilikuwa nimekiona kulia, sasa nifanyeje? Nikaanza, upande unaong'aa, upande usiong'aa, jicho la mashine, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozama. Mama akainua mkono ninyamaze.

"Na mfuko wa koti la baba? Wa kifuani."

"Kulia pia, mama. Nilimcheka fundi wake."

Mama akasogea, akaitazama picha ya dada yake juu ya meza. Pale juu, mchwa hawakufika: mfuko wa babu ulikuwa kushoto, kama mifuko ya makoti yote duniani. Akachukua kipande cha mbele cha shati la shule alilokuwa anashona, chenye mfuko wake tayari. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akakigeuza nyuma mbele, kama filamu iliyolazwa kinyume, mfuko ukahamia upande wa pili. Akakigeuza tena, ukarudi. Alifanya hivyo mara tatu, polepole, na safari ya mwisho alimwonyesha dada yake. Mama mkubwa akaacha kucheka.

Mama akakaa, akaweka mguu wa kushoto kwenye pedali. Akasema:

"Mwongo angesema kushoto. Haya, nenda kaoshe kioo cha watu."